Mgoto wa Mwako na Injini Iliyonoki

Katika gereji za jua kali mjini Kisumu, kitenzi "kunoki", kilichotoholewa kutoka Kiingereza, kina maana moja iliyokwisha kukaza: injini iliyonoki ni injini iliyokufa, ambayo beringi zake zimelika, krankishafti yake imekwaruzika, na mwenye lori hana budi kuchagua kati ya kuifungua yote na kutafuta nyingine. Katika Kiingereza, hata hivyo, neno lililozaa kitenzi hicho hutumika pia kwa sauti ya kugongagonga inayotolewa na injini nzima ya dizeli inapowashwa ikiwa baridi, na kwa hiyo mfasiri wa kitabu cha matengenezo anayeandika "kunoki" kila anapokutana na neno hilo humtangazia msomaji wa Kisumu msiba ambao haujatokea.

Asili ya sauti hiyo ya pili imo katika namna dizeli inavyowaka. Injini ya aina hii, ambayo Rudolf Diesel alifaulu kuiendesha mjini Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, haina plagi ya kutoa cheche. Hewa hushindiliwa ndani ya silinda hadi ikabaki takriban sehemu 1 ya 17 ya ujazo wake, ikapata joto linaloweza kupita nyuzi 500, kisha nozo hunyunyiza mafuta ambayo hujiwakia yenyewe. Kati ya kunyunyiziwa na kuwaka hupita muda mfupi unaopimwa kwa sehemu za elfu za sekunde, na muda huo ndio kiini cha jambo lote. Kuta za silinda zikiwa baridi hunyonya joto la hewa iliyoshindiliwa, mafuta huchelewa kuwaka ilhali nozo inaendelea kuyamimina, na yanapowaka hatimaye hulipuka yote kwa pamoja badala ya kuungua hatua kwa hatua, kiasi kwamba shinikizo hupanda ghafla na chuma kikalia. Katika injini ya petroli mambo ni kinyume: huko mgongo huzuka mwishoni mwa mwako, na huzidi injini ikiwa na joto na mzigo mzito.

Neno "mgongo" katika sentensi iliyotangulia limewekwa makusudi ili msomaji aone tatizo. Kitenzi "kugonga", ambacho kila fundi hukitumia, kikizalishwa nomino kwa kiambishi m- na irabu -o hutoa jina la kiungo cha mwili, na hakuna dereva atakayekubali kwamba lori lake lina ugonjwa wa mgongo. "Mgongano" ni wa vitu viwili vinavyokutana barabarani, nao "ugongaji" hutaja kitendo cha mwenye kugonga. Linalobaki, na linalofaa zaidi, ni "mgoto", kutoka kitenzi "kugota", yaani kupiga kwa kitu kigumu. Likiunganishwa na "mwako", ambalo limekwisha kuzoeleka katika vitabu vya sayansi, hupatikana "mgoto wa mwako", istilahi inayotaja sauti na chanzo chake kwa pamoja.

Sifa ya "baridi" nayo yahitaji tahadhari. Kisumu iko kandokando ya ziwa, kwenye kimo cha mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, na alfajiri yake kwa kawaida haishuki sana chini ya nyuzi 17. Kwa hiyo "injini baridi" hapa ni injini iliyolala usiku kucha, oili ikachuruzika hadi kwenye sampu, wala si injini iliyopigwa na theluji. (Herufi W iliyo kwenye kopo la oili ya 15W-40 inasimamia majira ya baridi kali, ambayo Kisumu haiyajui.) Lori linalolala Kericho, kwenye kimo cha mita 2,000 hivi, ambako hewa ni baridi na nyepesi zaidi, litakuwa na mgoto mrefu zaidi asubuhi kuliko lilipolala Kisumu, bila ya chochote kuharibika.

Fundi anayesikiliza kwa bisibisi ndefu iliyoegemezwa sikioni huuliza kwanza kama sauti inapungua joto linapopanda. Mgoto wa mwako hufifia katika dakika chache, mara nyingi pamoja na moshi mweupe wa mafuta ambayo hayakuungua. Pistoni iliyolegea, ambayo ikiwa baridi hupigapiga ukuta wa silinda, nayo hutulia inapotanuka, na kwa hiyo ni rahisi kuichanganya na mgoto. Kugongagonga kwa sekunde mbili au tatu kunakokoma pale taa ya oili inapozimika huashiria kwamba beringi zilikuwa kavu, pengine kwa sababu vali ya chujio la oili haizuii tena oili kurudi chini. Beringi ya konrodi iliyolika, kinyume chake, hutoa sauti nzito ya kina ambayo huzidi injini ikipata joto, kwa kuwa oili imekuwa nyepesi. Mkanda unaolia kwa muda mfupi kwa sababu ya unyevu wa usiku hauhusiani na haya yote.

Desturi ya kulegeza bomba la nozo moja baada ya jingine ili kuijua silinda inayogonga inafaa kwa injini za zamani pekee. Katika injini mpya zenye bomba moja la pamoja, shinikizo la mafuta linaweza kupita baa 1,500, na mchirizi wake hupenya ngozi ya mkono. Neno "kunoki" basi na liachiwe beringi zilizokufa, na waandishi wa vitabu vya ufundi waandike "mgoto wa mwako" kwa sauti inayokwisha kabla lori halijatoka langoni.