Rimu Halisi na za Kuigiza, Hadi Chepilat
Mapenzi ya rimu za spoti nchini Kenya huenda yalichochewa na mashindano ya magari ya Safari Rally, hasa dereva Colin McRae aliposhinda mwaka 1997 kwa Subaru Impreza ya buluu. Magari yaliyotumika kutoka Japani yalisambaza rimu hizo hadi miji ya barabarani kama Chepilat, mpakani mwa Bomet na Nyamira. Wapenzi wa magari huiheshimu rimu ya TE37 ya kampuni ya RAYS, iliyotoka mwaka 1996: alumini yake hufuliwa kwa shinikizo kubwa, hivyo rimu huwa nyepesi na imara. Rimu za kuigiza kwa kawaida humiminwa kwenye kalibu, nazo ni nafuu. Kuwadharau wanunuzi wake si haki. Rimu ya kumiminwa iliyopimwa vizuri hubeba gari salama. Hatari ni ile isiyopimwa, inayoweza kupasuka ikigonga shimo. Mnunuzi atafute alama ya JWL, ya kiwango cha Japani cha rimu za aloi, akijua kuwa nayo hughushiwa.