Ng'ombe Akitupa Mimba, Usimuuze Kimya Kimya

Miaka kadhaa iliyopita ng'ombe wetu wa gredi alitupa mimba ya miezi saba. Mamangu alilitoa zalio kwa mikono mitupu, na wiki chache baadaye tukamuuza yule ng'ombe kijiji cha pili. Hatukumwambia mnunuzi lolote.

Haukupita muda mama akaanza homa ya kuja na kuondoka, jasho la usiku na maumivu ya kiuno na viungo. Akatibiwa malaria, kisha taifodi. Mwisho damu yake ikapimwa brusela, na ndiyo iliyopatikana.

Brusela ni ugonjwa wa bakteria. Daktari David Bruce aliigundua bakteria hiyo kisiwani Malta mwaka 1887. Mwaka 1905 Themistocles Zammit akabaini kwamba mbuzi wa kisiwa hicho, walioonekana wazima kabisa, ndio waliokuwa wameibeba. Watu waliipata kwa kunywa maziwa mabichi. Hatari iko hapo hapo: mnyama anakula vizuri, anakamwa vizuri, na maziwa yake hayana rangi wala harufu ya kukutahadharisha.

Zizini, ugonjwa huenea zaidi ng'ombe anapotupa mimba au anapozaa. Zalio, maji ya uzazi na kijusi huwa vimejaa bakteria, na wenzake huambukizwa kwa kulamba au kula majani yaliyochafuka. Kwa hivyo:

1. Akitupa mimba, mtenge na umwite daktari wa mifugo apime damu.
2. Usishike zalio bila glavu. Lizike kwenye shimo refu au ulichome, mbwa wasilifikie.
3. Ng'ombe mgeni apimwe kabla ya kuchanganywa na wengine. Rudia kipimo baada ya mwezi mmoja au miwili, kwani maambukizi mapya huenda yasionekane mara ya kwanza.
4. Muulize daktari kuhusu chanjo ya mitamba, ambayo kwa kawaida hutolewa wakiwa na miezi 3 hadi 8. Usijichanjie mwenyewe: chanjo hiyo ina bakteria hai na inaweza kumdhuru binadamu.

Ng'ombe aliyeambukizwa hatibiwi akapona kwa uhakika. Ndiyo maana wengi hushawishika kumuuza.

Nyumbani, chemsha maziwa mpaka yafoke, hata ya ng'ombe wako mwenyewe. Kugandisha maziwa mabichi yawe mtindi hakutoshi kuua bakteria, wala kuyaweka kwenye friji. Ukipata homa isiyokwisha nawe unafuga au unakunywa maziwa mabichi, mwambie daktari wazi. Matibabu ya kawaida ni antibiotiki mbili kwa wiki 6; ukiacha dawa kwa kuwa umepata nafuu, ugonjwa hurudi.

Mama alipona, alhamdulillahi. Nilipokwenda kumwambia ukweli yule mnunuzi, ng'ombe wake wawili walikuwa tayari wametupa mimba. Alinisikiliza, kisha akaniuliza kwa nini sikuja mapema. Sikuwa na jibu.

Dini yetu inamtaka muuzaji aseme aibu ya bidhaa yake. Kwa ng'ombe wa maziwa, aibu hiyo tukiificha inaishia kwenye kikombe cha mtoto wa jirani.