Kupunga upepo

Msafiri aliyechoshwa na mabasi na boti akifika Jambiani, mashariki ya Unguja, hujilaza chini ya mnazi. Maji yamekupwa mpaka karibu na mwamba, wanawake wako mashambani mwao wakifunga vitawi vya mwani kwenye kamba. Yeye anafanya nini? Matangazo ya hoteli husema “anarilaksi”. Pwani tunasema anapunga upepo.

Kupunga ni kutikisa kitu hewani: tunapunga mkono kuaga, tunapunga kitambaa. Aliyejilaza ufukweni hatikisi chochote, upepo wa kaskazi ndio unaompepea, lakini lugha imempa yeye kitendo. Hapo ndipo ninapolipenda neno hili: kupumzika nako ni shughuli ya mtu. Ila usidondoshe ile u. Kupunga pepo ni kazi ya mganga, yenye ngoma na ubani, ya kumtoa mtu mashetani.

Kubarizi nako ni kwingine, maana kunataka wenzako na mazungumzo. Anayepunga upepo anaweza kunyamaza kutwa.

Waandishi wa matangazo ya utalii, andikeni “njooni mpunge upepo”. Wasomaji wenu watawaelewa.