Nani Atie Oili? Cheni na Shafti katika Historia ya Pikipiki za Magurudumu Manne

Ukiwasikiliza wauzaji wa pikipiki za magurudumu manne, zile za kupita mashambani, porini na mchangani, utadhani ubishi wa cheni na shafti ulikwisha siku nyingi: cheni ni mambo ya kale, na shafti ndiyo maendeleo yenyewe. Historia haiwaungi mkono. Mwaka 1986 Honda ilikuwa na vyombo viwili vya aina hiyo sokoni Marekani kwa wakati mmoja. Kimoja, FourTrax TRX350, kilizungushwa na shafti mbele na nyuma. Kingine, TRX250R, kilikuwa na cheni. Kampuni ni ileile, wahandisi ni walewale, na ujuzi wa kutengeneza shafti walikuwa nao tayari. Kama shafti ingekuwa bora kwa kila jambo, wangeifunga kwenye vyote viwili. Kilichotofautiana ni mnunuzi: wa kwanza alikuwa mkulima au mwindaji, wa pili alikuwa mshindani wa mbio. Naona basi kwamba ubishi huu haujawahi kuwa hasa juu ya kipi kina nguvu. Swali lilikuwa ni nani abebe kazi ya matunzo, mwenye chombo au kiwanda.

Swali hilo lilikuwepo hata kwenye vyombo visivyo na injini. Mwaka 1880 Hans Renold, Mswisi aliyehamia Manchester, alibuni cheni ya bushi na rola ambayo kimsingi ndiyo tunayoitumia hadi leo, na mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry akatoa baiskeli yake ya Rover, cheni ikizungusha gurudumu la nyuma. Karne haijaisha, tayari kuna waliochoshwa nayo. Ilichafua nguo, ilinasa pindo, ilidai kusafishwa kila mara. Kampuni ya Pope ya Hartford, Connecticut, ikawauzia baiskeli ya Columbia yenye shafti badala ya cheni, na matangazo yake yalisifu usafi na utulivu. Mtindo ule haukudumu. Baiskeli ya cheni ilikuwa nyepesi, rahisi kununua, na mwenyewe aliweza kuitengeneza. Kwenye pikipiki mambo yalikwenda tofauti. BMW ilipotoa R32 mwaka 1923, injini ililazwa kiasi kwamba krankshafti ilielekea nyuma, sambamba na fremu, kwa hiyo nguvu iliyopita kwenye shafti ilikata kona mara moja tu kufika gurudumuni. Mwaka 1942 jeshi la Marekani, likiwaza mchanga wa Afrika Kaskazini, liliagiza Harley-Davidson iunde pikipiki ya mpangilio huohuo; zikatoka XA zipatazo 1,000 kabla ya magari ya Jeep kuichukua kazi hiyo. Askari jangwani si mtu wa kukaa chini akisugua pingili kwa mafuta ya taa.

Inafaa kuitazama mifumo hii miwili kwa karibu, maana hapo ndipo ugomvi ulipo. Watu husema cheni imevutika, lakini chuma chake hakivutiki. Kinacholika ni pini na bushi ndani ya kila pingili, kidogo kidogo, na kwa kuwa pingili ni nyingi, upungufu mdogo wa kila moja ukijumlishwa unakuwa ulegevu unaoonekana kwa macho. Vumbi likiingia kwenye oili huisaga pini badala ya kuilinda. Baadaye meno ya sproketi yanachongoka na kupinda upande mmoja, na hapo hata cheni mpya haitadumu juu yake. Mwenye chombo hana budi kulegeza bolti, kuvuta ekseli nyuma, kupima ulegevu kwa kidole na kukaza tena, mara kwa mara. Shafti haina shida hizo. Gia zake zinaogelea ndani ya oili, zimefungiwa kwenye kasha lisiloingiza tope, na kazi iliyobaki ni kubadilisha oili kwa vipindi. Lakini kazi haikutoweka. Imefanywa mapema na mtu mwingine. Gia mbili zinazokutana kwa pembe husuguliwa pamoja kiwandani na huuzwa kama jozi. Fundi anayezifunga hupaka rangi kwenye meno, huzizungusha, hutazama alama zinapoangukia, kisha huongeza au kutoa washa nyembamba mpaka zigusane panapotakiwa. Jozi hiyo ikiharibika, si ya kutengenezwa kando ya njia.

Historia ya vyombo hivi vya porini inafuata mstari huohuo. Honda ilianza mwaka 1970 na US90, baadaye ikaitwa ATC90, baada ya wauzaji wa Marekani kuomba kitu cha kuuza majira ya baridi, pikipiki zisipotoka. Ilikuwa na magurudumu matatu, matairi manene yenye upepo mdogo, bei ya dola 595, na cheni. Ilikuwa chombo cha kuchezea, na mtu anayecheza Jumapili ana nafasi ya kutia oili Jumamosi. Kisha wakulima wakaigundua. Mwaka 1982 ikaja Big Red yenye mahali pa kufunga mizigo, na kufikia toleo la 1985 Big Red ilikuwa na gia ya kurudi nyuma, stata ya umeme na shafti. Vitu hivyo vitatu viliwekwa pamoja kwa sababu vilimlenga mtu mmoja: anayewasha chombo alfajiri kukagua mifugo, anayepita kwenye matope na majani yanayojisokota kwenye kila kinachozunguka, na ambaye hataki kushika spana mpaka mavuno yaishe.

Atatokea wa kusema kwamba sababu si matunzo bali ni magurudumu manne kuvuta kwa pamoja, kwani kupeleka nguvu mbele kwa cheni ni taabu. Pingamizi hilo lina uzito lakini mfuatano wa miaka unalikataa. Big Red ilipata shafti ikiwa na magurudumu matatu na ikivuta kwa nyuma tu. Na Polaris ya Minnesota, iliyoingia sokoni mwaka 1985 na Trail Boss, ilitengeneza muda si mrefu toleo la kuvuta kwa magurudumu yote kwa kutumia cheni. Kwa hiyo iliwezekana. Polaris yenyewe baadaye ilihamia kwenye shafti kwa vyombo vyake vya kazi.

Wengine watasema ni suala la nguvu inayopotea. Kweli, kila gia inayogeuza nguvu kwa pembe hula kiasi chake, na cheni safi hupoteza kidogo sana. Ila cheni iliyojaa tope si cheni safi. Mshindani anaipenda cheni kwa mambo mengine zaidi: ni nyepesi, na uzito unaopanda na kushuka pamoja na magurudumu ndio unaoharibu utulivu kwenye mashimo, na akitaka chombo chake kitoke kwa kasi zaidi kwenye kona, anabadilisha sproketi jioni moja. Ndiyo maana Yamaha Banshee, iliyotoka mwaka 1987, ilibaki na cheni maisha yake yote. Ndiyo maana pia BMW, nyumba iliyojengewa jina na shafti, ilipoingia kwenye mashindano makubwa ya pikipiki mwaka 2009 iliileta S1000RR ikiwa na cheni. Timu ya mbio ina mafundi wake. Matunzo kwao si mzigo, ndiyo kazi waliyoajiriwa kufanya.

Hata cheni yenyewe imesogea kuelekea kiwandani. Ile yenye vipete vya mpira kwenye kila pingili imetiwa grisi huko ilikotengenezwa, na vipete vinaizuia isitoke. Upande wa pili, vyombo vingi vya shafti siku hizi vina mkanda wa mpira mahali pa gia za kubadilisha kwa mguu, na mkanda huo ukiloa maji huteleza. Muuzaji halitaji sana hilo.

Pingamizi gumu zaidi linatoka kwetu. Dereva wa bodaboda anafanya kazi kutwa, kwenye vumbi na mvua, bila siku ya kupumzisha chombo. Kwa hoja yangu, yeye ndiye angepaswa kuwa mteja wa kwanza wa shafti, lakini Boxer na TVS zinazojaa barabarani zote ni za cheni. Jibu liko kwenye bei ya mkono. Kwa mkulima wa New Zealand au Montana saa ya fundi ni ghali na gereji iko mbali, kwa hiyo ni afadhali akilipe kiwanda mapema. Kwetu fundi yuko chini ya mwembe, cheni na sproketi zake mbili zinauzwa kwa seti kwenye kila duka la vipuri, na kazi inakwisha abiria anayefuata hajapatikana. Shafti tunazo pia, kwenye guta nyingi za mizigo, ambako magurudumu mawili ya nyuma yanahitaji difu. Bodaboda haihitaji difu. Dereva wa milimani anayebeba magunia huagiza sproketi ya nyuma yenye meno zaidi, anapoteza kasi kidogo kwenye tambarare, anapata nguvu ya kupanda, na hakuna kasha la gia lililofunguliwa.