Kutoka Simu ya Upepo hadi Bluetooth



Siku hizi kijana huweka simu yake ya mkononi mezani, na muziki ukasikika katika spika iliyo pembeni pasipo waya wowote. Wengi hudhani jambo hili ni geni kabisa kando ya ziwa letu. La hasha! Mawasiliano yasiyo na waya yalifika hapa zaidi ya miaka mia moja iliyopita, ila yaliletwa kwa shabaha nyingine.

Mwaka 1911 serikali ya Wajerumani ilijenga vituo viwili vya simu ya upepo, kimoja Mwanza na kingine Bukoba. Kati ya miji hiyo pana kilometa zipatazo 180 kwa mstari ulionyooka. Habari iliyokuwa ikingoja chombo kivuke ziwa sasa ilipita angani kwa dakika chache. Lakini mitambo ile ilikuwa sikio na mdomo wa mtawala. Mwananchi hakuwa na sauti ndani yake.

Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka, mlingoti wa Bukoba uligeuka balaa. Mwezi Juni 1915 Waingereza walipakia askari melini huko Kisumu, wakashuka karibu na Bukoba tarehe 22, na kesho yake wakautwaa mji. Shabaha yao kubwa ilikuwa kukivunja kituo kile. Walikivunja, mji ukaporwa, kisha wakaondoka. Tarehe 14 Julai 1916 Mwanza nayo ikaangukia mikononi mwao. Raia hakuuomba mlingoti ule, lakini gharama yake aliilipa.

Bluetooth ilianzia katika kampuni ya Ericsson huko Sweden mwaka 1994. Mwaka 1998, sisi tukiwa kidato cha nne, Ericsson, Nokia, Intel, IBM na Toshiba ziliungana kuiendeleza. Jina lake ni la Harald, mfalme wa Denmark wa karne ya 10, aliyesifika kwa kuwaunganisha watu wake. Chombo hutumia mawimbi hafifu ya redio, ambayo katika simu nyingi hufika kama meta 10 tu, nayo huhama mkondo hata mara 1,600 kwa sekunde ili yasigongane na mawimbi mengine.

Jambo kubwa kwangu ni hili: vyombo viwili haviungani mpaka kimoja kiombe na kingine kikubali. Kwa njia hiyo vijana wa Mwanza walirushiana nyimbo na picha bila kuulipa mtandao hata senti moja. Sasa mwananchi ndiye mwenye mtambo, na mwenye mtambo hana budi kuulinda. Tuizime Bluetooth tusipoihitaji, wala tusimkubalie tusiyemjua. Wazee wetu wa Bukoba hawakuulizwa kama wanautaka mlingoti. Sisi simu inatuuliza kila mara. Basi na tusome swali kabla ya kujibu.