Wachumaji wa karafuu wa Unguja na Pemba

Karafuu huchumwa ikiwa bado tumba, kwa maana ikishachanua thamani yake hushuka. Matumba ya mti mmoja hayakomai pamoja, hivyo mti huo huo hupandwa tena na tena, matawi ya mbali yakivutwa kwa kamba. Jioni vichane huchambuliwa makonyo yatengwe, kisha karafuu huanikwa juani majamvini. Kazi hii yote haingoji, na ndiyo maana kila aliyetawala visiwa hivi alisumbuliwa na swali la nani atachuma.

Zama za Sayyid Said, aliyefariki 1856, wachumaji walikuwa watumwa walioletwa kutoka bara. Kwa desturi waliachiwa Alhamisi na Ijumaa walime vikonde vyao, lakini msimu ulipopamba moto hata siku hizo ziliminywa. Kimbunga cha 1872 kiling'oa mikarafuu mingi ya Unguja. Pemba ilisalimika zaidi, nayo ikawa kitovu cha zao hilo.

Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed, chini ya ulinzi wa Waingereza, alitia saini amri ya kuondoa utumwa. Ilikuwa amri yenye pingu ndani yake. Mtumwa ilimpasa aende mahakamani kuomba uhuru wake; akiupata bila kuonyesha makao na njia ya kujipatia riziki, aliweza kuhesabiwa mzururaji. Masuria hawakuguswa hadi 1909. Serikali ilitaka watu wawe huru, ila wabaki shambani. Ilihimiza mikataba ambayo aliyeachwa huru alipewa mahali pa kulima na kuishi, naye akimfanyia mwenye shamba kazi siku kadhaa kwa juma.

Mikataba hiyo haikudumu. Kilichowavuta watu ni malipo ya pishi: kila mmoja alilipwa kwa kipimo alichochuma, na matumba yalipoanza kuharibika mitini, mwenye shamba hakuwa na budi kupandisha bei. Hata hivyo shuruti haikutoweka, kwani mwanzoni mwa karne ya 20 maofisa waliwatumia masheha kuwakusanya Wahadimu wa kusini na mashariki ya Unguja waende mashambani. Palizi, ambayo wenyeji wengi waliikwepa, iliangukia zaidi Wanyamwezi na wengine waliotoka bara kutafuta ujira.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 mashamba makubwa yalitaifishwa na familia zikagawiwa eka tatu tatu. Msimu ulipowadia, wanafunzi nao walipelekwa kuchuma.