Kutoka Kitiiti hadi Kiti cha Mnasihi

Mundu mue, mganga wa Wakamba, hakuandika faili. Alitikisa kitiiti, kibuyu chenye mbegu na vijiwe, akavimimina na kuvihesabu, huku uzi wa upinde ukilia taratibu. Penye pepo, ilipigwa ngoma ya kilumi, na wapigaji wengi walikuwa wanawake. Hivyo ndivyo Wakamba walivyomshughulikia aliyevurugika moyo, zamani kabla neno kiwewe halijafika kliniki.

Lakini kuna nusu ya pili ya kazi. Usingizi ukisharudi, nani atamrudisha mtu shambani na sokoni? Huko Kasikeu, wadi ya eneobunge la Kilome, Makueni, mwethya ungali unajulikana: majirani wanalimiana kwa zamu, wanachimbiana mitaro ya kuzuia mmomonyoko. Aliyejifungia nyumbani huitwa na kupewa jembe kama wengine. Hakuna anayeuita huo unasihi.

Hospitali ilichelewa kuiona nusu hiyo. Hospitali ya akili ya Mathari ilifunguliwa Nairobi mwaka 1910, na kwa miongo mingi kituo cha wagonjwa wa akili kilikuwa kwanza mahali pa kufungia watu.

Kilichoizindua Kenya kuhusu kiwewe ni bomu la ubalozi wa Marekani, Agosti 7, 1998. Watu 213 walifariki Nairobi. Daktari Frank Njenga na wenzake waliwapima watu 2,883 walioguswa na mlipuko huo, na asilimia 35 walikuwa na dalili zinazokaribia ugonjwa wa kiwewe. Douglas Sidialo alipoteza macho yote mawili siku hiyo. Mwaka 2005 alipanda Kilimanjaro. Hadithi yake ilivuma, nayo ilistahili, ingawa wengi hawahitaji mlima, wanahitaji tu kuweza kupanda matatu bila kutetemeka.

Sheria ya wanasihi na wanasaikolojia ilipitishwa mwaka 2014. Miaka hiyohiyo, Makueni, watafiti wakiwemo Christine Musyimi, David Ndetei na Victoria Mutiso waliwaketisha pamoja waganga wa jadi, wachungaji na wahudumu wa afya, wazungumze jinsi ya kushirikiana na kuelekezana wagonjwa. Mtu aliyetarajia ugomvi angeshangaa: hao wote huhudumia watu walewale.

Nairobi nako, wanawake 421 waliodhulumiwa kijinsia waliingizwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017. Nusu yao hivi walikutana mara tano na wahudumu wa afya wa jamii, watu wasio wataalamu wa akili, waliofunzwa kazi hiyo. Wanawake hao walifundishwa kuvuta pumzi polepole, kuchagua tatizo moja linalotatulika, kurudia shughuli ndogo walizoziacha na kuwatafuta watu wa kuwaegemea. Dhiki yao ilipungua zaidi kuliko ya waliopata huduma ya kawaida.

Katika kikao cha tano, mhudumu hageuki mhubiri. Humwambia mwanamke aliyeketi mbele yake afikirie rafiki aliyepatwa na shida kama yake, kisha aeleze angemsaidiaje rafiki huyo.